Menengai hupumua: Jinsi rada za angani zinavyopima mwendo wa ardhi ya Bonde la Ufa

MTU anayesimama kwenye ukingo wa Menengai huona mandhari mawili yaliyo tofauti kabisa. Upande wa kusini limetandazika jiji la Nakuru, makao ya zaidi ya watu 570,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, na nyuma ya jiji hilo ziwa lake. Upande wa kaskazini ipo kasoko yenye urefu wa takriban kilomita 12, ambayo sakafu yake imejaa mawe meusi ya lava, vichaka vya leleshwa na mvuke unaofuka kutoka ardhini. Kwa macho ya kawaida, pande zote mbili zimetulia.

Lakini kati ya mwaka wa 1997 na mwaka wa 2000, ardhi ya Menengai ilishuka kwa sentimita chache bila ya mkazi yeyote wa Nakuru kutambua. Nyumba hazikuanguka na barabara hazikupasuka. Waliogundua jambo hilo ni wanasayansi waliolinganisha picha zilizopigwa na setilaiti kutoka kimo cha karibu kilomita 800, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2009, takriban miaka tisa baada ya mwendo wenyewe kutokea. Picha hizo hazikupigwa kwa kamera, bali kwa rada.

Habari hiyo inazua swali ambalo bado lina uzito hadi leo. Iwapo ardhi inaweza kusogea chini ya miguu ya watu bila wao kujua, ni nani atakayekuwa macho kwa niaba yao, na kwa kutumia chombo gani? Ili kulijibu, ni sharti kwanza kuelewa jinsi rada inavyoona, na kwa nini kazi hii haiwezi kufanywa kwa picha moja pekee.

Milima iliyodhaniwa kuwa imelala

Bonde la Ufa lilitokea kwa sababu bara la Afrika linavutwa pande mbili. Katika sehemu ya Kenya, kingo za bonde huachana kwa mwendo wa milimita mbili au tatu hivi kwa mwaka. Katikati ya bonde imejipanga safu ya volkeno, kuanzia Suswa na Longonot upande wa kusini, kupitia Eburru na Menengai, hadi Korosi, Paka na Silali upande wa kaskazini. Nyingi kati yake hazijalipuka katika kumbukumbu ya watu walio hai. Longonot inakadiriwa kutoa lava mara ya mwisho katika karne ya kumi na tisa. Menengai nayo ilipata umbo lake la sasa kutokana na milipuko mikubwa iliyotokea katika miaka 40,000 iliyopita.

Kwa sababu ya utulivu huo, kwa muda mrefu volkeno hizi hazikuwa na vyombo vya kudumu vya kupima mwendo wa ardhi. Ndipo Juliet Biggs pamoja na wenzake wawili walipozipekua kumbukumbu za rada za setilaiti za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, zilizokusanywa kati ya mwaka wa 1997 na mwaka wa 2008. Utafiti wao, uliochapishwa katika jarida la Geology, ulionyesha kwamba volkeno nne za Kenya zilikuwa zimesogea katika kipindi hicho kifupi.

Suswa na Menengai zilishuka kwa sentimita mbili hadi tano kati ya mwaka wa 1997 na mwaka wa 2000. Longonot iliinuka kwa takriban sentimita tisa kati ya mwaka wa 2004 na mwaka wa 2006. Paka, iliyoko katika nchi ya Wapokoti katika Kaunti ya Baringo, iliinuka kwa takriban sentimita 21 kati ya mwaka wa 2006 na mwaka wa 2007. Hakuna hata moja iliyolipuka.

Maelezo ya wataalamu ni kwamba chini ya milima hiyo, kwenye kina cha kilomita chache tu, kuna vyumba vyenye magma, yaani miamba iliyoyeyuka, pamoja na gesi na maji ya moto. Vitu hivyo vikiongezeka, ardhi ya juu huvimba. Vikipoa, vikipungua au vikihamia kwingine, ardhi hushuka. Mlima huwa kana kwamba unavuta na kushusha pumzi. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na japo si kila kimya huishia kwa mshindo, matokeo hayo yalithibitisha kwamba ukimya wa volkeno hizi si ukimya wa kifo.

Kuona usiku na kupitia mawinguni

Kamera ya kawaida hutegemea mwanga wa jua. Setilaiti ya Kenya ya Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili mwaka wa 2023, iliundwa kwa mfumo wa aina hiyo. Kamera hizo hutoa picha zinazofanana na kile ambacho jicho lingekiona, na hufaa sana kwa kukagua mashamba, misitu na miji. Usiku haziwezi kuona, na wingu likitanda huona wingu.

Rada haisubiri jua. Hutuma yenyewe mawimbi ya redio kuelekea ardhini, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, moshi na giza. Kwa hiyo Mau ikifunikwa na ukungu wa Julai, au Nakuru ikinyeshewa usiku kucha wakati wa mvua za masika, rada huendelea na kazi yake kana kwamba ni mchana mweupe.

Mwangwi huo hubeba habari nyingi. Ukuta wa jengo au mwamba uliochongoka hurudisha mwangwi mkali na huonekana mweupe kwenye picha. Maji yaliyotulia hufanya kama kioo kilichoinamishwa, yakayatupa mawimbi upande wa pili mbali na chombo, na hivyo kuonekana meusi. Ndiyo sababu rada inaweza kuchora mpaka wa ziwa hata siku ya mawingu. Maziwa ya Bonde la Ufa, yakiwemo Nakuru na Baringo, yalipoanza kupanuka kuanzia mwaka wa 2010 na kufurika sana mwaka wa 2020, picha za aina hii zilikuwa miongoni mwa njia za kufuatilia maji yalikofika.

Tatizo moja la kale lilikuwa ukali wa picha. Rada yenye antena ya mita kumi ikiwa kilomita 800 kutoka ardhini ingeona doa lenye upana wa zaidi ya kilomita nne, na katika doa hilo mitaa mingi ya Nakuru ingekuwa kitu kimoja. Kutengeneza antena yenye urefu wa kilomita kadhaa na kuipeleka angani ni jambo lisilowezekana.

Suluhisho lilipatikana mwaka wa 1951, pale mhandisi Mmarekani Carl Wiley, aliyefanya kazi katika kampuni ya Goodyear, alipopendekeza kwamba mwendo wa chombo chenyewe utumiwe badala ya antena ndefu. Ili kulielewa wazo hilo, msomaji na amfikirie mtu anayetembea ukingoni mwa Menengai akipiga makofi kila baada ya hatua na kusikiliza mwangwi kutoka ukuta wa pili. Kofi moja haliwezi kumwambia ukuta umekaaje. Lakini akiyarekodi makofi mia moja kutoka sehemu mia moja, kisha akayalinganisha yote kwa pamoja, ataweza kuichora sura ya ukuta kana kwamba alikuwa na sikio lenye upana wa njia yote aliyotembea. Chombo cha angani hufanya vivyo hivyo kwa kurusha mipigo maelfu kila sekunde, na kompyuta huiunganisha kuwa picha moja.

Kwa nini picha lazima ziwe mbili

Picha moja ya rada huonyesha sura ya nchi. Kupima umbali kwa usahihi wa sentimita kunahitaji jozi, na zipo jozi za aina mbili ambazo hazina budi kutofautishwa.

Jozi ya kwanza ni ya macho mawili yanayotazama kwa wakati mmoja. Binadamu hutambua umbali wa kitu kwa sababu macho yake yameachana kidogo, na kila moja huona kwa pembe yake. Mnamo Februari mwaka wa 2000, chombo cha Endeavour cha Marekani kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena mbili za rada, moja ikiwa ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Safari hiyo ilipima kimo cha takriban asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia, Kenya nzima ikiwemo. Kuanzia mwaka wa 2010 Ujerumani nayo iliendesha setilaiti mbili pacha, TerraSAR-X na TanDEM-X, kwa pamoja zikiwa zimeachana kwa mita mia chache tu, ili kuifanya kazi hiyo kwa makini zaidi.

Jozi ya pili ni ya jicho moja linalotazama mahali pale pale kwa nyakati mbili. Setilaiti hupita juu ya Nakuru leo na kupiga picha. Baada ya siku kadhaa hurudi kwenye njia ile ile na kupiga picha nyingine. Ikiwa ardhi haikusogea, mawimbi yatakuwa yamesafiri umbali ule ule. Ikiwa ardhi imeinuka, safari ya mawimbi itakuwa imefupika, nayo yatarejea yakiwa yamefikia hatua tofauti katika kupanda na kushuka kwake.

Hapo ndipo usahihi wa ajabu unapopatikana. Mawimbi yanayotumiwa na setilaiti nyingi za Ulaya yana urefu wa takriban sentimita 5.6. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, ardhi ikisogea kwa sentimita 2.8 kuelekea setilaiti, wimbi huwa limepungukiwa na mzunguko mmoja kamili. Kompyuta huipa kila hatua ya mzunguko rangi yake, na mahali palipovimba huonekana duara za rangi zilizozungukana, mfano wa mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Kila duara moja kamili ni sentimita 2.8. Kwenye mlima ulioinuka kama Longonot ilivyofanya, mtaalamu anaweza kuzihesabu duara zipatazo tatu. Kwa kiasi cha Paka, zaidi ya saba.

Njia hii, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi InSAR, ilipata umaarufu mwaka wa 1993, wanasayansi wa Ufaransa walipoitumia kuonyesha jinsi ardhi ya California ilivyosogea katika tetemeko la Landers la mwaka wa 1992.

Jozi hizi mbili husaidiana. Bonde la Ufa lina kuta ndefu na milima mikali, na kwa kuwa setilaiti hairudi kwenye njia ile ile kwa ukamilifu, sehemu ya tofauti kati ya picha mbili hutokana na kimo cha milima yenyewe. Sharti tofauti hiyo iondolewe kwanza, na huondolewa kwa kutumia ramani za vimo kama zile zilizopatikana mwaka wa 2000. Kinachobaki ndicho kinachochunguzwa kama mwendo wa ardhi.

Ndege na setilaiti: Kila kimoja na kazi yake

Rada za aina hii zilianzia kwenye ndege kabla ya kufika kwenye setilaiti. Ilichukua miaka 27 tangu wazo la Wiley hadi Marekani iliporusha Seasat mwezi wa Juni mwaka wa 1978, setilaiti ya kwanza ya kiraia yenye rada ya kupiga picha za namna hii. Ilifanya kazi kwa siku zipatazo 105 tu kabla ya kuharibika, lakini ilikuwa imefungua njia. Ulaya ilifuata kwa ERS-1 mwaka wa 1991, ERS-2 mwaka wa 1995 na Envisat mwaka wa 2002. Setilaiti hizo za Ulaya ndizo zilizotoa picha za Menengai, Suswa, Longonot na Paka.

Kufika kwa setilaiti hakukuzifanya ndege zisiwe na maana. Setilaiti hufuata ratiba yake. Haiwezi kuombwa ije kesho asubuhi kwa sababu mlima umeanza kunguruma leo. Ndege inaweza kuondoka siku hiyo hiyo, ikapita kwa pembe inayotakiwa, na kurudi tena baada ya saa chache. Aidha, huruka karibu na ardhi, na hivyo picha zake huonyesha vitu vidogo zaidi.

Ugumu wa ndege ni kwamba upepo huitikisa, ilhali kazi ya jozi hudai njia ile ile irudiwe. Wahandisi wa Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, walilitatua tatizo hilo kupitia mfumo wa UAVSAR, ulioanza kuruka mwaka wa 2007. Rada hiyo hubebwa chini ya ndege ndogo ya abiria inayoruka kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 12, huku rubani wa kompyuta akiiweka ndani ya njia yenye upana wa mita kumi. Mnamo Machi mwaka wa 2011, ardhi ilipopasuka na kutoa lava kwenye volkeno ya Kilauea huko Hawaii, vipimo vya ndege hiyo vilisaidia kuonyesha magma ilipopitia.

Vilevile ndege hutumika kufanyia mazoezi ya kazi itakayokuja kufanywa na setilaiti. Mwaka wa 2016 ndege za NASA na za kituo cha anga cha Ujerumani ziliruka na rada juu ya misitu ya Gabon. Mafunzo yaliyotokana na safari za namna hiyo yalisaidia kuandaa setilaiti mbili zilizorushwa mwaka wa 2025: Biomass ya Ulaya mwezi wa Aprili, na NISAR ya Marekani na India mwezi wa Julai.

Kwa Nakuru, habari ya NISAR ina umuhimu wa pekee. Mawimbi mafupi ya sentimita 5.6 hugonga majani na kurudi. Katika shamba la mahindi la Rongai au la ngano la Njoro, majani ya leo si ya mwezi ujao, kwa hiyo picha mbili hazilingani tena na kipimo hupotea. Ndani ya kasoko ya Menengai, ambako mawe ya lava hayaoti majani mengi, kipimo hupatikana vizuri zaidi. Rada kuu ya NISAR hutumia mawimbi ya sentimita 24 hivi, sawa na ya ndege ya UAVSAR, ambayo hupita kati ya majani na kuufikia udongo kwa urahisi zaidi. Hivyo basi yale maeneo yenye watu na mashamba, yaliyokuwa magumu kupimwa, yanaweza kuanza kuonekana.

Funzo la Natron na la Goma

Mwaka wa 2007 ulionyesha kwa nini vipimo hivi si vya kujifurahisha tu. Katikati ya Julai mwaka huo, matetemeko mfululizo yaliutikisa upande wa kaskazini wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Lililokuwa kubwa zaidi, la tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na wafanyakazi wengi jijini Nairobi walikimbia nje ya majengo. Picha za rada zilifichua kwamba chini ya mlima wa Gelai, magma ilikuwa imejipenyeza wima ndani ya miamba, mfano wa kabari ndani ya gogo, na kuisukuma ardhi pande mbili. Mwanzoni mwa Septemba volkeno jirani ya Oldoinyo Lengai ikaanza kulipuka na kurusha majivu.

Gelai na Menengai zipo katika mfumo mmoja wa bonde. Kilichotokea huko, mbali na miji mikubwa, ndicho kinachojenga Bonde la Ufa kote. Nakuru yenyewe ina kumbukumbu yake. Tarehe 6 Januari mwaka wa 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, kaskazini mashariki mwa mji, na kuipasua ardhi kwa urefu wa takriban kilomita 38. Mahali pengine upande mmoja wa ufa ulishuka kwa zaidi ya mita mbili. Wakati huo wataalamu walilazimika kuufuata ufa kwa miguu. Tetemeko kama hilo likitokea leo, jozi moja ya picha ingeweza kuonyesha eneo zima lililosogea mara tu setilaiti itakapopita tena.

Ingawa hivyo, mji wa Goma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unatoa onyo dhidi ya kuitegemea rada kupita kiasi. Tarehe 22 Mei mwaka wa 2021 volkeno ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na lava ikateremka hadi viungani mwa mji. Watu wapatao 30 walipoteza maisha. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukupata dalili za wazi zilizotangulia mlipuko huo. Rada haikuwa imeonyesha ardhi ikivimba. Siku zilizofuata, hata hivyo, vipimo vya matetemeko na picha za setilaiti vilionyesha magma ikisafiri chini ya mji wenyewe kuelekea Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei serikali ikaagiza sehemu ya mji ihamwe, na watu wanaokadiriwa kuwa 400,000 wakaondoka.

Kwa hiyo rada si mtabiri. Huweza kusema ardhi imesogea kiasi gani na wapi. Haiwezi kutaja siku ya mlipuko. Paka iliinuka kwa sentimita 21 isilipuke. Nyiragongo ililipuka bila ya kuvimba.

Ufa wa Mai Mahiu ulivyozua mjadala

Mnamo Machi mwaka wa 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mpana ulijitokeza karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok. Picha zake zilienea duniani kote, na vyombo vingi vya habari vikatangaza kwamba Afrika ilikuwa ikigawanyika mbele ya macho ya watu. Wanajiolojia wengi walipinga tafsiri hiyo. Walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yameusomba udongo laini wa majivu ya volkeno uliokuwa umejaza ufa wa zamani.

Mabishano ya namna hiyo ndiyo ambayo jozi za rada zina uwezo wa kuyapunguza. Ikiwa ardhi imepasuka kwa kuvutwa, basi si kingo za ufa pekee zitakazosogea. Nchi iliyo umbali wa kilomita kadhaa kila upande itakuwa imehama pia, na duara za rangi zitaonekana. Ikiwa ni maji yaliyosomba udongo, nchi ya kando itabaki palepale ilipokuwa. Nyufa zinazofunguka wakati wa mvua zimekuwa zikiwasumbua pia wakazi wa baadhi ya mitaa ya Nakuru. Kwa mwenye nyumba, hasara ni ile ile. Kwa anayepanga mji, tofauti ni kubwa: maji huweza kuelekezwa kwingine kwa mitaro, bali mwendo wa mwamba wa chini hauzuiliki, na la busara ni kutojenga juu yake.

Vilevile kuna suala la umeme. Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima ndani ya Menengai mwaka wa 2011, na baadhi ya visima hivyo vilikutana na magma yenyewe kwenye kina cha zaidi kidogo ya kilomita mbili. Mtambo wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 35, ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 2023. Mvuke mwingi ukitolewa bila maji ya kutosha kurudishwa ardhini, ardhi huweza kushuka pole pole. Rada husaidia kuupima ushukaji huo, kazi iliyobaki ikiwa ni kutofautisha kati ya kinachofanywa na binadamu na kinachofanywa na volkeno yenyewe.

Mipaka ya chombo

Wataalamu huorodhesha udhaifu kadhaa wa njia hii. Wa kwanza ni unyevu wa hewa. Mvuke wa maji huyachelewesha mawimbi kidogo, na kucheleweshwa huko huweza kufanana na mwendo wa ardhi wa sentimita kadhaa. Bonde lenye maziwa na kuta ndefu huwa na hewa inayobadilika asubuhi na jioni, kwa hiyo jozi moja haitoshi kutolea hukumu. Hulinganishwa jozi nyingi za miezi au miaka, ili kinachobadilikabadilika kiondoke na kinachodumu kibaki.

Udhaifu wa pili ni upande wa kutazama. Setilaiti hizi huzunguka kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine na kutazama kwa ubavu, hivyo huona vizuri mwendo wa juu na chini na wa mashariki na magharibi, lakini huona vibaya mwendo wa kaskazini na kusini. Katika jambo hili Kenya ina bahati, kwa kuwa bonde lake hupanuka zaidi kuelekea mashariki na magharibi.

Udhaifu wa tatu ni muda. ERS na Envisat zilirudi kwenye njia ile ile kila baada ya siku 35. Sentinel-1, familia ya setilaiti za Ulaya iliyoanza kurushwa mwaka wa 2014, hurudi kila baada ya siku 12, na zikifanya kazi mbili kwa pamoja, kila baada ya siku sita. Magma inaweza kusafiri kilomita nyingi katika siku sita. Kwa sababu hiyo setilaiti haiwezi kuchukua nafasi ya vipima tetemeko, vipokezi vya GPS vilivyosimikwa ardhini, na watu wanaopima gesi na joto la mvuke. Vyombo vya ardhini husikia kila dakika lakini mahali pamoja. Setilaiti huona nchi nzima lakini kwa vipindi.

Picha zipo, wanahitajika wa kuzisoma

Jambo ambalo halikuwapo wakati Menengai iliposhuka miaka ya tisini ni upatikanaji. Picha za Sentinel-1 hutolewa bila malipo kwa mtu yeyote mwenye intaneti, na programu za kuzichambua pia zipo za bure. Jijini Nairobi, eneo la Kasarani, kuna kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka wa 1975, ambacho kimewafunza Waafrika wengi kazi ya kusoma picha za angani. Shirika la Anga za Juu la Kenya nalo liliundwa mwaka wa 2017. Gharama kubwa ya kurusha chombo imekwisha kulipwa na wengine.

Kinachobaki ni kazi ya kila siku isiyo na sifa: kuzifungua picha kila zinapofika, kuzilinganisha na za nyuma, kuziweka kando ya vipimo vya ardhini, na kuwa na njia inayojulikana ya kuupeleka ujumbe kwa wanaopanga mji, wanaosimamia visima na wanaoishi chini ya mlima. Mwendo wa Menengai wa mwaka wa 1997 hadi mwaka wa 2000 ulijulikana mwaka wa 2009. Kwa kuwa ardhi ilitulia, ucheleweshaji huo haukumdhuru mtu. Ardhi ikisogea tena, Nakuru haitakuwa na sababu ya kungoja miaka tisa.